Mchekeshaji anayeacha pombe asilipwe kwa bia

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuzungumze na waandaaji wa maonyesho ya vichekesho jijini Mwanza, ma-MC wa harusi na sendofu, na wachekeshaji wenyewe, hasa wale ambao mwili wao umegeuzwa mtaji na pombe imegeuzwa mshahara. Sisi ni wakufunzi wa uchekeshaji na washauri nasaha wa masuala ya uraibu. Tunaandika kwa kirefu kwa sababu katika kazi hii mambo madogo ndiyo yanayomwinua mtu au kumwangusha.

Kila Jumamosi, kuanzia Kirumba hadi Buhongwa, mambo ni yaleyale. Kijana mnene anaitwa mbele kabla keki haijakatwa. MC anampigapiga kitambi, anamuuliza mimba ina miezi mingapi, ukumbi unaangua kicheko. Kijana naye anaongeza la kwake: anavua shati, anatikisa nyama uzembe, watu wanacheka hadi machozi. Malipo yake ni sahani ya pilau na bia nne mezani, na mgeni akinogewa anaongeza mbili. Wiki inayofuata anaitwa tena. Mwaka ukiisha ana jina mjini, hana akiba, na hawezi kupanda jukwaani kabla "hajaweka koo sawa".

Watu humtazama wakasema huyu amejikubali, si unaona anavyojicheka. Hatukubaliani nao. Kujicheka kupo kwa namna mbili. Namna moja imewatoa watu kwenye aibu ya mwili na kwenye chupa, nyingine imewazamisha humohumo, na tofauti yake iko kwenye ufundi wa kichekesho chenyewe. Kwa kuwa ni ufundi, unafundishika.

Tuanze na jambo ambalo kila msomaji wa huku analijua. Utani una sheria. Mjukuu anamtania babu, babu anamrudishia. Shemeji anamwita shemeji yake kila jina baya, naye anangoja zamu yake. Bujora, pale Kisesa, Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma, hukutana kila Juni kwenye tamasha la Bulabo, wakashindana kwa ngoma na nyimbo za kukejeliana, na kila upande una uwanja wake na zamu yake ya kujibu. Haki hiyo ya kujibu ndiyo inayoufanya utani usiwe tusi. Kijana wa harusini hana haki hiyo. Ametaniwa na watu mia tatu, na hana wa kumjibu kwa sababu yeye mwenyewe amehamia upande wao. Majibu yake huyatoa baadaye akiwa peke yake, na anayemsikiliza ni chupa.

Kwa hiyo swali la kwanza tunalomuuliza mchekeshaji anayeleta kichekesho cha mwili wake ni hili: humu ndani unamjibu nani?

Chukua mfano huu wa kawaida: "Mimi ni bonge mpaka nikipanda bodaboda dereva ananiandikia risiti ya mzigo." Watu watacheka. Sasa kifungue kama fundi anavyofungua injini. Anayechekwa ni mwili. Mwenye kosa ni mwili. Wa kujibiwa hayupo. Na kesho mchekeshaji itabidi aseme ni bonge kuliko jana, maana kichekesho cha namna hii hakina pa kwenda ila kuongeza kilo. Hapo ndipo mtu anapoanza kuogopa kupungua, kwa kuwa riziki yake iko kiunoni.

Mchukue abiria huyohuyo, umpandishe daladala ya Igoma:

"Konda akaniambia, 'Kaka mkubwa, wewe lipia siti mbili.' Nikalipa. Kufika Mabatini akapakia mama mmoja, akamkalisha kwenye siti yangu ya pili. Nikamuuliza, 'Konda, na huyu?' Akanijibu, 'Kaa vizuri na mgeni wako.'"

Mwili upo, haukufichwa, lakini umekuwa hali tu, kama vile barabara ilivyo na mashimo. Kicheko kimeangukia tamaa ya konda. Na kila aliyeko ukumbini, awe mnene au kimbaumbau, amewahi kuonewa na konda, kwa hiyo wote wamekuja kukaa upande wa mchekeshaji. Angalia pia mahali neno linalochekesha lilipowekwa: mwisho kabisa. Mchekeshaji akiongeza "yaani kaniuzia siti akaiuza tena", ameua kicheko chake mwenyewe kwa kufafanua. Sema "mgeni wako", funga mdomo, ngoja. Kicheko kikianza kushuka, kabla hakijazimika, ndipo uendelee. Wanaoanza hukosea hapa kuliko mahali pengine popote. Ukimya wa sekunde mbili unawatisha, wanaongea juu ya kicheko, watu wanashindwa kusikia kinachofuata. Mwenye aibu ya mwili hukosea zaidi, kwa sababu amezoea kuwahi kujicheka kabla mwenzake hajamcheka.

Namna ya kuvipata vichekesho hivi ni daftari la kurasa mbili. Ukurasa wa kushoto andika neno kwa neno ulichoambiwa kuhusu mwili wako, na nani, na wapi. Usipambe. Ukurasa wa kulia andika aliyesema alikuwa anataka nini. Konda alitaka nauli. Nesi alitaka foleni iishe. Shangazi alitaka ukoo ujue anakujali. Fundi cherehani aliyedai mita nne hazikutoshi alitaka kitambaa, na siku ya harusi mwanawe kavaa gauni la sare ileile. Kichekesho kiko kulia siku zote. Visa kumi vilivyoandikwa vizuri huzaa vichekesho vitatu vya kujaribu, na katika hivyo kimoja ndicho kitakachobaki baada ya kupanda nacho jukwaani mara tano. Anayeandika visa vitatu akategemea vichekesho vitatu atabuma, halafu atasema tatizo ni sura yake.

Seti ya dakika tano, yaani vichekesho vyote unavyopanda navyo jukwaani kwa zamu moja, ni maneno kama 450 hivi kwa Kiswahili, ukiacha nafasi ya kicheko. Humo mwili usizidi dakika moja. Sentensi moja ya kuwatoa watu wasiwasi mwanzoni inatosha, maana kweli wanakuona na wanangoja utasemaje. Baada ya hapo nenda kwingine, urudi kwenye mwili katikati. Usimalizie nao. Kinachosemwa mwisho ndicho watu wanachoondoka nacho hadi kwenye bajaji.

Waliokonda wana mzigo wao. Mjini kwetu mtu akinenepa anaambiwa amenawiri, akikonda watu wananong'ona "ngoma", yaani UKIMWI. Aliyetoka kwenye unga, yaani heroini, akiwa mifupa mitupu anasikia mnong'ono huo kila anapopita, na kichekesho chake kizuri huwa kuhusu wanaonong'ona, jinsi kila mmoja alivyogeuka daktari wa macho matupu. Na kwa mwenye ualbino tunasema bila kuzunguka: Kanda ya Ziwa ndiko watu hawa walikouawa na kukatwa viungo kwa imani za kishirikina. MC anayemwita mwenye ualbino "dili" mbele ya watu, kana kwamba viungo vyake ni bidhaa, hata akiwa amecheka naye nyuma ya jukwaa, anyang'anywe maiki. Mwenye ualbino ndiye atakayeamua kama jambo hilo litaguswa, naye aliguse kwa ulimi wake.

Marekani walishaipita njia hii. Chris Farley alikuwa mnene na mwenye kipaji kikubwa. Mwaka 1990, kwenye kipindi cha vichekesho cha televisheni huko New York, alicheza kifua wazi pembeni ya Patrick Swayze, mwigizaji mwenye mwili wa mazoezi. Alicheza vizuri sana, lakini kicheko kilitokana na mwili kama ule kuthubutu kusimama pale. Jina lake likapaa na onyesho hilo. Aliingia na kutoka vituo vya tiba mara nyingi, akafa Chicago tarehe 18 Desemba 1997 kwa kuzidisha kokeini na mofini, akiwa na miaka 33, umri uleule aliokufa nao mwaka 1982 John Belushi, mchekeshaji aliyemhusudu. Hatudai onyesho lile ndilo lililomuua. Kunywa alianza mapema zaidi. Tunachokiona ni kwamba kazi yake haikumpa hata jioni moja ya kuupumzisha mwili ule.

Tuje kwenye pombe. Waandaaji wengi hawajui wanampa mtu kiasi gani. Hesabu yake ni rahisi: zidisha mililita kwa asilimia ya kilevi, halafu zidisha kwa 0.79, unapata gramu za kilevi halisi. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina gramu kama 20. Zile bia nne za harusini ni gramu 80. Kichupa cha mililita 200 cha pombe kali ya asilimia 35 kina gramu 55, yaani karibu bia tatu, na kinamalizwa nyuma ya jukwaa kwa dakika kumi. Viroba, vile vipakiti vya plastiki vya pombe kali, vilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Machi 2017, lakini kichupa nacho kinaingia mfukoni.

Wachekeshaji hunywa kwa sababu ya woga, na hatuwalaumu kwa kuogopa. Pombe hupunguza woga kwa nusu saa ya mwanzo. Hapohapo inachelewesha ulimi, na kichekesho huishi au kufa kwa nusu sekunde. Mlevi wa jukwaani hujiona amewahi kumbe amechelewa. Anacheka mwenyewe kabla hajafika mwisho, anarudia kisa alichokwisha kukisimulia. Kesho yake ubongo uliokuwa umetulizwa kwa nguvu unaruka juu: moyo unadunda, mikono inatetemeka, mawazo ya "jana nilitia aibu" hayatoki. Ndipo anazimua, yaani anakunywa tena asubuhi ili atulie. Kuna kichekesho kifupi tunachokitumia darasani kwa sababu kimelenga panapostahili: "Kuzimua ni kumwita mwizi aje akusaidie kuitafuta simu aliyokuibia." Mlevi hakutukanwa. Aliyevuliwa nguo ni pombe.

Hapa tunaomba kila msomaji asome taratibu. Mtu anayekunywa kila siku, anayeamka akitetemeka mpaka azimue, asiache ghafla akiwa peke yake chumbani, hata kama amehubiriwa vizuri kiasi gani. Saa 6 hadi 24 baada ya kinywaji cha mwisho huanza jasho, kutetemeka, kichefuchefu na kukosa usingizi. Degedege linaweza kuja ndani ya saa 48 za mwanzo. Kati ya siku ya pili na ya nne wengine huchanganyikiwa: wanaona wadudu ukutani, hawajui walipo, joto linapanda. Hali hiyo inaua. Familia nyingi huku husema amerogwa, siku mbili zinapotea kwa mganga au kwenye maombi, anafikishwa hospitali amechelewa. Apelekwe mapema, Bugando, Sekou Toure au hospitali yoyote iliyo karibu, na amwambie daktari ukweli kuhusu kiasi anachokunywa kwa siku, kwa sababu dozi inapangwa kwa kiasi hicho. Kwa kawaida atapewa dawa ya kutuliza iitwayo diazepamu, inayopunguzwa kidogo kidogo kwa siku kadhaa, pamoja na vitamini B1. Vitamini hiyo itangulie dripu ya sukari, maana mnywaji wa muda mrefu huwa ameishiwa nayo, na sukari ikiingia bila B1 inaweza kuumiza ubongo. Akishatulia ndipo mazungumzo ya nasaha yanapoweza kumwingia. Kumpa nasaha mtu anayetetemeka ni kumchosha bure.

Akitoka hospitali, miezi mitatu ya mwanzo ndiyo yenye hatari kubwa ya kurejea. Na hapa mwili unarudi kwenye hadithi kwa mlango wa nyuma. Wengi wakiacha pombe hutamani vitu vitamu. Soda ya mililita 350 ina sukari gramu 35 au zaidi, karibu vijiko tisa vya chai. Akinywa nne kwa siku ananenepa, nguo zinabana, na sauti ileile ya zamani inamwambia pombe ilikuwa inamweka vizuri. Tunawaambia mapema kwamba hamu hiyo ni sehemu ya kupona na hupungua. Ale kwa wakati, milo mitatu, samaki na maharage viwepo, aweke ndizi au karanga mfukoni kwa zile saa za jioni ambazo zamani zilikuwa za baa. Wengine hupungua, maana bia moja ya nusu lita ina kalori zaidi ya 200, na aliyekuwa anakunywa sita ameondoa zaidi ya kalori 1,200 kwa siku. Huyu naye anaogopa: bonge la mji likipungua litachekesha nini? Kama vichekesho vyake ni vya risiti ya mzigo, amepoteza kazi. Kama ni vya konda na mgeni wake, bado anavyo vyote, kwa sababu konda hajapungua.

Sasa lini aanze kuuchekesha uraibu wenyewe? Wachekeshaji hutaka mapema mno. Wiki ya tatu wameshaandika dakika kumi. Sisi tunashauri wangoje miezi sita bila kuteleza, na hata hapo waanzie chumba cha nasaha, kisha kikundi kidogo cha wanaopata nafuu wenzao, ndipo jukwaa la tiketi. Kipimo chetu ni hiki: keti na mtu mmoja unayemwamini, msimulie kisa chote kwa dakika tatu bila kuweka kichekesho hata kimoja. Kama huwezi kufika mwisho bila kuchomeka utani, basi utani huo ni kitambaa juu ya kidonda kibichi, na taa za jukwaa zitakibandua mbele ya watu. Ukiweza kusimulia kimya kimya ukamaliza, anza kuandika.

Namna ya kuandika tunajifunza kwa waliotangulia. Richard Pryor alijiunguza vibaya mwezi Juni 1980 nyumbani kwake Los Angeles wakati wa matumizi ya kokeini. Alipopona alipanda jukwaani akasimulia, na filamu ya onyesho hilo ikatoka mwaka 1982. Ufundi alioutumia ni kukipa kiko cha kuvutia dawa sauti yake: kikawa mtu anayembembeleza, anayemgombanisha na wote waliompenda. Ukiupa uraibu sauti, watu wanaisikia hila yake, na wewe unapata wa kumjibu. Ile haki ya utani imerudi. Kwa Kiswahili chupa inazungumza vizuri sana: "Chupa ina adabu. Ukiwa na hela inakuita bosi. Zikiisha, saa kumi usiku inakuita kwa jina alilokupa bibi yako."

Kosa kubwa kuliko yote katika vichekesho vya ulevi ni kusimulia raha. Mchekeshaji anaanza: tulikuwa watano, meza imejaa, muziki umekolea. Macho yanang'aa, mate yanamjaa mdomoni, na ukumbi unashangilia kama yuko kwenye tangazo. Akishuka, hamu imemshika. Ubongo haukujua kwamba ilikuwa hadithi. Kwa hiyo tumeweka sharti moja lisilovunjwa: kila kisa cha ulevi lazima kifike asubuhi. Kicheko kikubwa kikae asubuhi, kwenye kiatu kimoja, kwenye ada ya mtoto iliyogeuka kreti, kwenye kusalimiana na jirani ambaye jana ulimwimbia dirishani. Sharti la pili ni dogo lakini limevunja nyumba: mke, mume, watoto na wenzako wa kikundi hawaingii jukwaani bila ruhusa yao.

Usiku wa onyesho una hatari zake, na nyingi zinakuja baada ya makofi. Mtu akishuka jukwaani saa nne na nusu usiku, mwili bado uko juu, hautalala kabla ya saa saba au nane. Akibaki ukumbini katika hali hiyo, meza tatu zitamwita. Njaa, hasira, upweke na uchovu ndivyo vinne tunavyowafundisha kuvipima, na msanii aliyeshuka jukwaani huwa navyo vitatu kwa pamoja. Kwa hiyo ale mlo kamili saa mbili kabla ya kupanda jukwaani. Afike na mtu mmoja asiyekunywa. Chupa yake ya maji aifungue mwenyewe, na akiiacha mezani akaenda msalani, asiinywe tena. Bodaboda au bajaji ipangwe mapema, na ndani ya dakika ishirini baada ya kushuka awe ameondoka. Akifika nyumbani apige simu moja aliyoahidi kupiga, hata kama onyesho limebuma, hasa likibuma. Majibu ya wanaomwita mezani yaandikwe na kufanyiwa mazoezi kwa sauti kama sehemu ya seti, kwa sababu jibu la papo kwa papo huja na aibu. Moja linalofanya kazi hapa Mwanza: "Nipe hela yake, nikamnunulie mama sato." Linachekesha, linakataa, na halimhukumu anayekunywa.

Kwa walio kwenye dawa za methadoni jambo moja lazima mwandaaji alijue. Methadoni ni kwa uraibu wa heroini na jamii yake. Haitibu pombe, na ukichanganya na pombe au vidonge vya usingizi pumzi inaweza kusimama. Kliniki hapa jijini iko Sekou Toure. Kwa kawaida dozi hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, kwa hiyo safari ya Bukoba au Dar es Salaam ipangwe na kliniki kabla ya kupokea malipo ya awali. Akikosa siku tatu mfululizo asidai dozi yake ya zamani, apimwe upya, kwa kuwa ustahimilivu wa mwili umeshuka. Sababu hiyohiyo huwaua wanaorejea kwenye unga baada ya wiki kadhaa za kuacha: mkono unakumbuka kipimo cha zamani, mwili umeshakisahau. Arosto ni yale mateso ya mwili uliokosa dawa. Promota anayemwambia msanii "arosto utaivumilia, onyesho ni siku mbili tu" anacheza na uhai wa mtu.

Na akiteleza? Wengi huteleza. Aondoe kwenye seti sehemu ya uraibu kwa muda, arudi kwa mshauri wiki hiyohiyo, abaki na vichekesho vingine kama yuko timamu. Kinachofanya kuteleza kugeuke kuzama ni mabango. Waandaaji hupenda kuandika "mlevi aliyepona" kwa herufi kubwa. Mtu akishapewa cheo hicho, siku akiteleza ataficha, maana ana cheo cha kulinda, na kuficha ndiko kulikomnywesha tangu mwanzo. Bango liandike jina lake na saa ya onyesho, basi.

Kwa waandaaji tunaomba mapatano yaandikwe, hata kwa ujumbe wa simu. Malipo yawe fedha, nusu kabla na nusu siku hiyohiyo, na bia isihesabiwe kuwa sehemu ya malipo. Mchekeshaji anayeacha pombe apangwe wa pili au wa tatu. Kumweka wa mwisho ni kumkalisha baa kwa muda wa saa tatu bila hiari yake. MC amtambulishe kwa jina na kazi yake. Anayesema "sasa anakuja bonge letu" amekwisha kumnyang'anya dakika yake ya kwanza. Asiguswe tumbo. Na maonyesho ya saa kumi alasiri katika kumbi za shule, vyuo na makanisa yaongezwe, ambako juisi na maandazi vinauzwa na familia zinakuja na watoto. Tiketi ni nafuu na faida ya vinywaji ni ndogo, tunakubali, lakini watu wanawahi, wanasikiliza, na hakuna anayepiga kelele toka kaunta.

Kwako Mhariri tuna maombi mawili kuhusu kurasa za burudani. Picha ya mchekeshaji ichaguliwe ile anayoongea, maiki ikiwa mkononi, wala si ile ya shati lililopanda juu ya kitovu. Na katika orodha ya maonyesho ya mwisho wa wiki, pamoja na kiingilio, ichapwe saa ya kuanza, saa ya kumaliza, na kama ukumbi unauza pombe, ili anayeacha ajue mapema kabla hajakata tiketi au kukubali kazi.

Wakufunzi wa uchekeshaji na washauri nasaha wa uraibu,
Nyamagana, Mwanza